Kozi za bure mtandaoni: unachopata na usichopata

Wapo vijana wengi katika Kaunti ya Nyamira waliomaliza Kidato cha Nne na ambao wako nyumbani kwa sasa. Baadhi wanangoja nafasi ya chuo, wengine nafasi wanayo ila karo ndiyo haijapatikana. Wapo pia wazazi wao, wafanyabiashara wa soko la Ikonge, wachumaji wa majani chai na waendeshaji bodaboda ambao waliacha masomo zamani na bado wana hamu ya kujua mambo. Kwa wote hawa, masomo ya utangulizi ya baadhi ya vyuo vikuu vinavyojulikana zaidi duniani yanapatikana kwenye intaneti bila malipo. Makala haya yanaeleza masomo hayo ni yapi, gharama iliyojificha iko wapi, na cheti chake kinakufikisha umbali gani.

Mpango wenyewe si mgeni. Mwaka 2001 chuo cha MIT nchini Marekani kilitangaza kwamba kingeweka vifaa vya masomo yake mtandaoni kwa yeyote anayevitaka. Mwaka 2006 Open University ya Uingereza ilifungua OpenLearn, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Yale kikaanza kuweka Open Yale Courses. Coursera na edX zilifuata mwaka 2012. Kwa hesabu, kuanzia hesabu za shule ya msingi hadi za chuo, kuna Khan Academy, ambayo humfaa sana anayejiandaa kurudia KCSE kwa sababu unaweza kurudi nyuma hadi pale ulipopotelea bila mtu kukucheka.

Tuitazame Yale kidogo, kwa kuwa kozi zake ni za utangulizi hasa. Kuna saikolojia, falsafa, fizikia, uchumi, historia, fasihi, siasa na elimu ya nyota. Somo la masoko ya fedha linafundishwa na Robert Shiller, aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2013. Mihadhara ilirekodiwa darasani, mbele ya wanafunzi, na wewe unasikiliza kama aliyeketi kiti cha nyuma. Hakuna kujiandikisha wala mtihani wa kusahihishiwa, na cheti hakitolewi. Rekodi hizi zina miaka kadhaa sasa. Kwa fizikia si neno, sheria za Newton hazijabadilika, lakini mifano ya uchumi ichukue kama historia.

Gharama halisi kwa mkazi wetu ni data. Saa moja ya video, hata ya ubora wa chini, inaweza kula MB 300 hivi. Mhadhara huohuo ukiwa sauti pekee huwa kama MB 30 hadi 60. Ukiwa maandishi, haufiki hata MB 1 mara nyingi. Kozi yenye mihadhara 24 ikitazamwa yote kwa video inaweza kumaliza bando la mwezi mzima, ilhali maandishi yake yote unayapata kwa data ya siku moja. Yale huweka video, sauti na maandishi ya kila mhadhara, na OpenLearn nayo sehemu kubwa ya masomo yake ni ya kusoma. Ushauri wetu ni kuanza na maandishi, kisha utazame video ya sehemu zilizokushinda tu. Maandishi yana faida nyingine: karibu kozi zote hizi ni za Kiingereza, na mhadhiri anayezungumza haraka ni rahisi kumfuata ukimsoma polepole, kamusi ikiwa kando.

Palipo na Wi-Fi ya umma, pakua masomo ukayasome nyumbani. Serikali ya Kitaifa ilitangaza mpango wa kuweka vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma nchini na vituo vya kidijitali 1,450, yaani kimoja kwa kila wadi. Nyamira ina wadi 20. Muulize chifu wako au ofisi ya msimamizi wa wadi kama cha kwenu kimefunguliwa. Walimu wa shule zenye umeme na kompyuta lakini zisizo na intaneti wanaweza kutumia programu ya bure iitwayo Kolibri. Masomo, yakiwemo ya Khan Academy, hupakuliwa mara moja kwenye kompyuta moja, kisha wanafunzi huyafungua kutoka hapo bila intaneti.

Sasa tuje kwenye neno "bure", maana hapa ndipo watu huumia. Coursera na edX zina kozi ambazo masomo yake huangaliwa bila malipo lakini mitihani na cheti hulipiwa. Kwa kozi nyingine ni sehemu ya kwanza tu iliyo wazi. Ukiombwa nambari ya kadi ya benki ili upewe siku saba za majaribio, jua kwamba siku zikiisha bila wewe kujiondoa, utakatwa pesa. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa ada Coursera. OpenLearn hutoa cheti cha kushiriki bila malipo kwa aliyejiandikisha na kumaliza, na Saylor Academy pia hutoa cheti cha bure kwa anayefaulu mtihani wa mwisho.

Hakuna kati ya hizi inayomtaka mtu kutuma "ada ya usajili" kwa M-Pesa kwenye nambari ya mtu binafsi. Anayekuomba hivyo, au anayetaka picha ya kitambulisho chako kwa ajili ya kozi ya bure, ni tapeli. Mripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Vyeti hivi si shahada wala diploma, na chuo hakitakupokea kwa sababu unavyo vitano. Anayetaka shahada kwa njia ya mtandao anaweza kuuliza Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati rasmi Agosti 2023 na chenye makao yake Konza. Masomo yake hulipiwa, ila shahada inatambulika. Chuo kingine chochote kinachokupigia debe, kitafute kwanza kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Wengi wanaojiandikisha kozi za bure hawazimalizi. Chagua somo moja, si matano, na mtafute jirani mmoja au wawili msome pamoja. Hata bando mtachangiana. Ukimaliza, iandike katika wasifu wako chini ya mafunzo ya ziada, si chini ya elimu: jina la kozi, taasisi iliyoitoa na mwaka. Mwajiri akikuuliza ulijifunza nini, uwe na jibu.