Njoro ni rahisi, lakini pesa bado huisha

Kama umeitwa Egerton mwaka huu, kuna kitu utaambiwa na kila mtu aliyewahi kusoma huko: "Njoro maisha ni rahisi, hutateseka." Ni kweli kabisa. Nilikaa pale miaka minne na sijaona mji mwingine ambapo soo moja inajaza sahani vile. Lakini semesta yangu ya kwanza nilikauka wiki ya sita, na nikikumbuka vizuri hakuna starehe yoyote niliyokula na hiyo pesa. Nilikuja kujua ilienda wapi siku niliyokaa kitandani nikasoma meseji zangu za M-PESA moja baada ya nyingine.

Wacha nianze na mji wenyewe. Njoro iko kama kilomita 25 kutoka Nakuru, juu kwenye baridi, katikati ya mashamba. Hata chuo kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Viazi vya Molo na Mau Narok, kabeji na maziwa havisafiri mbali kufika kwa mama mboga, ndiyo maana bei haziumi. Ukitoka chuoni kidogo uko Njokerio, na huko ploti nyingi zinategemea wanafunzi. Mimi nilianza na singo ya 3,000 kwa mwezi, choo cha nje. Mwaka wa pili tukaingia wawili, kila mtu akawa analipa 1,500. Tulipika kwa zamu kwa meko moja, na mwisho wa mwezi hatukudaiwa na mtu. (Beba blanketi nzito. Watu wa Mombasa na Kisumu hudhani tunawatania.)

Sasa, pesa. HELB ilipoingia nilikuwa nimeshapiga hesabu kwenye daftari: kodi, chakula, fotokopi, nauli ya kwenda Nakuru mara moja moja. Hesabu ilikuwa inabakisha. Nikajua nikitoa zote nitazitapanya, kwa hivyo nikajiwekea sheria: natoa mia mbili tu, na nisirudi kwa ajenti mpaka ziishe. Kila baada ya siku mbili nilikuwa pale dirishani. Nilijiona mtu wa nidhamu sana.

Tufanye hesabu kwa ada za M-PESA zilizoanza Julai 2023, ingawa wakati wangu zilikuwa pungufu kidogo tu. Kutoa pesa yoyote kuanzia shilingi 101 hadi 2,500 kwa ajenti ni shilingi 29. Soma hapo tena. Anayetoa mia mbili na anayetoa elfu mbili na mia tano wanakatwa sawa. Mwenye 2,500 anaacha kama shilingi moja kwa kila mia. Wewe wa mia mbili unaacha kumi na nne na nusu kwa kila mia. Ukitoa mara 15 kwa mwezi, hiyo ni 435. Kwa semesta ya miezi minne ni 1,740, zaidi ya kodi yangu ya mwezi mzima tulipokuwa tunaishi wawili. Nidhamu yangu ndiyo iliyokuwa inanila.

Je, utoe 2,500 mara moja uweke chini ya godoro? Hapana. Kwenye ploti milango inafunguliwa ukiwa darasani, na hata bila mwizi, pesa iliyo mfukoni ina marafiki wengi. Dawa ni kutotoa kabisa pale ambapo si lazima.

Ukilipa kwa nambari ya Till, wewe mteja hukatwi chochote. Ukimtumia mtu kwa nambari ya simu, kuanzia shilingi 1 hadi 100 ni bure, na kuanzia 101 hadi 500 ni shilingi 7. Pochi la Biashara kwa mteja inahesabiwa kama kutuma kwa simu. Kwa hivyo chapo madondo ya 80 ukimtumia mwenye kibanda moja kwa moja, umelipa 80. Shopping ya 350 kwa Till ni 350, kwa simu ni 357, na ukienda kwa ajenti kwanza ni 379. Chakula ni kilekile. Uliza kabla ya kuagiza: "Mko na Till?" Wengine watakwambia wanataka keshi, na usiwakasirikie, maana naye akitoa anakatwa kama wewe na asubuhi anahitaji noti za kununua sukuma. Weka mia mbili tatu za keshi kwa ajili yake na kwa matatu, zilizobaki ziache kwenye simu.

Kuna hii nyingine ambayo inahusu wazazi, na najua wengi mtacheka kwa sababu ni nyumbani kwenu pia. Mama anatuma elfu moja, halafu kwa upendo anaongeza "ya kutoa". Sasa angalia. Kutuma 1,000 kunamkata shilingi 13. Akituma 1,029 amevuka 1,000, anaingia kundi la 1,001 hadi 1,500, ambalo ni shilingi 23. Kwa hivyo ameongeza 29 zako, na 10 nyingine za kuvuka mpaka. Kama unalipa kwa Till, hiyo ya kutoa huihitaji hata. Mpigie simu umwambie, "Mum, tuma elfu moja kamili, mimi sitoi." Mamangu hakuniamini mpaka nilipomtumia picha ya meseji.

Kuhusu HELB yenyewe, inakuja kwa mkupuo na haiji siku unayoitarajia. Ikiingia, lipa kodi kabla hujala kitu cha maana. Wenye ploti wengi hukubali ulipe miezi miwili mitatu pamoja. Inayobaki ya mwisho wa semesta unaweza kuifunga kwenye akiba kwa muda unaochagua, kwa mfano kwa Lock Savings ya M-Shwari, ili usiku wa Ijumaa usiifikie kirahisi. Halafu kama ulikuwa unaishi kwa Fuliza ukisubiri HELB, na pesa yako inaingia kwa laini hiyohiyo, jua deni litakatwa kwanza kabla hujaona salio. Ada ya Fuliza ni ya kila siku. Kukopa mia nne leo kwa sababu "HELB ni kesho" ni sawa, shida ni kwamba hiyo kesho inaweza kuwa wiki tatu.

Na sasa jambo ambalo haliji kwa shilingi 29. Rafiki yangu tuliyeanza naye aliona picha za bedsita kwenye kundi la WhatsApp wiki moja kabla ya kuripoti. Chumba safi, kigae chini, bei ya chini. Jamaa akamwambia atume dipoziti ya 2,000 amshikie, kwa sababu kuna wengine watatu wanakitaka. Alipoweka nambari, simu ikamwonyesha jina la mwanamke. Jamaa akasema ni bibi yake. Akabonyeza PIN. Tulipofika Njokerio ploti tuliipata, hata rangi ya geti ilikuwa ileile, lakini mwenyewe hakuwahi kusikia habari za huyo jamaa.

Alisambaza meseji ya M-PESA kwa 456 kuomba irudishwe, ila kesho yake. Laini ilikuwa imeshatolewa zote. Kurudishiwa kunawezekana pesa ikiwa bado iko kule ilikoenda, kwa hivyo ukikosea nambari au ukihisi umechezwa, tuma kwa 456 dakika hiyohiyo, hata kama uko ndani ya basi. Kama ni wizi, piga ripoti polisi pia. Jina linalotokea kabla pesa haijaondoka linawekwa pale kwa sababu hiyo, lisome polepole, na kama halilingani na mtu unayeongea naye, simamisha.

Wiki ya kwanza lala hosteli au kwa mtu mnayejuana, halafu tembea Njokerio kwa miguu mchana. Nyumba zilizo wazi huandikwa kwenye geti, pamoja na simu. Piga nambari iliyo kwenye geti, ingia chumbani, fungua mfereji uone kama maji yanatoka, kisha ulipe ukiwa umesimama na mwenye nyumba.