Kamongo, samaki anayepumua hewa kama sisi

Wale kati yetu wanaovua pembeni ya ziwa Edouard wanamjua kamongo vizuri. Ni mrefu sawa nyoka, anaweza kupita metre moja na nusu, na pahali pa mapezi ya kawaida ana nyuzi nne ndefu anazopapasia njia kwenye matope. Akikuuma kidole, unaweza kurudi nyumbani bila kidole. Ndugu zetu wa Equateur na Kinshasa wanakula nzombo, ambaye ni wa jamaa moja naye. Afrika nzima ina aina 4 tu za samaki hawa, na 3 kati yao wako katika nchi yetu.

Watu wengi wanajua kwamba kamongo anakuja juu ya maji, anafungua kinywa, kisha anashuka tena. Wengine wanafikiri anatafuta chakula. Hapana, anapumua. Ndani ya mwili wake mna mapafu mawili, na matamvua yake ni madogo, hayawezi kumtosha. Kamongo mkubwa anapata karibu sehemu 9 juu ya 10 za hewa yake kutoka juu, si kutoka majini. Kwa hiyo ukimzuia asifike juu, anakufa maji, yeye samaki! Ndiyo sababu anaishi vizuri ndani ya mafunjo, kwenye maji mazito yaliyooza, ambamo tilapia hawezi kukaa vizuri.

Jambo hilo lina faida kwa mvuvi. Kamongo anatembea usiku na anatafuta chakula kwa kunusa na kupapasa kuliko kwa macho. Kamba ndefu yenye ndoano nyingi, iliyotegwa jioni karibu na matete na kuwekwa vipande vya samaki, inamfaa kuliko wavu. Lakini wengi wanafunga ndoano kwa kamba fupi na jiwe zito. Samaki anashikwa saa mbili usiku, hawezi kupanda kupumua, na asubuhi unamkuta amekufa zamani na nyama imeanza kulegea. Tega pahali ambapo maji si marefu, acha kamba ya kila ndoano iwe ndefu ya kutosha kufika juu, na utamkuta mzima. Ukimvuta kwenye pirogi, usitie mkono kinywani kutoa ndoano. Mpige kwanza nyuma ya kichwa, ao ukate kamba na ndoano utaitafuta baadaye.

Sasa tuje kwenye uzazi, juu hapo ndipo kuna tatizo. Mwaka 1958 mtaalamu Greenwood aliandika juu ya uzazi wa kamongo kule Uganda, na aliyoandika, wazee wetu wa ziwa walikuwa wanayajua zamani. Wakati wa mvua dume anatengeneza shimo kati ya mizizi ya mafunjo na majani. Jike anataga, anakwenda zake. Pengine majike wawili wanataga katika shimo moja. Anayebaki ni baba. Anakaa pale majuma mengi, anatikisa maji ili mayai yapate hewa, na anamfukuza kila anayekaribia. Watoto wakitoka kwenye mayai hawawezi bado kupumua hewa ya juu. Wana matamvua ya nje, kama manyoya madogo pembeni ya shingo, na wanajishikiza kwenye shimo. Bila baba, samaki wengine wanawamaliza.

Na baba huyo hakimbii. Mwenye mkuki akiligundua shimo, amepata samaki bila kazi. Tunaelewa: kamongo mmoja mkubwa ni chakula cha nyumbani na sehemu ya minervali ya mtoto. Lakini mkuki huo mmoja umeua pia watoto elfu na zaidi ambao wangerudi kwenye ndoano zetu miaka inayokuja. Ndoano ya maji wazi haina hasara ya namna hiyo. Sisi tunaona kwamba koperative ya wavuvi ingeweza kukataza jambo hili moja tu, mkuki kwenye shimo wakati wa mvua, na ikaanza na hapo, kuliko kuandika sheria kumi zisizofuatwa na mtu.

Wakulima nao wasicheke wavuvi. Katika ziwa Victoria, upande wa Tanzania, kamongo walipungua sana kuanzia miaka ya 1970, na watafiti walitaja sababu mbili zinazotugusa: madume kuvuliwa kwenye mashimo yao, na mabwawa ya mafunjo kugeuzwa mashamba. Hatusemi watu waache kulima udongo mzuri wa kando ya maji. Njaa haingojei samaki azae. Lakini kukata na kuchoma mafunjo mpaka kwenye maji yenyewe, kwa ajili ya mistari miwili ya mboga ambayo pengine kiboko atakanyaga, ni biashara mbaya. Acheni ukanda wa mafunjo kati ya shamba na ziwa. Tena, kamongo anatafuna konokono pamoja na magamba yake, na ni konokono hao wa maji wanaobeba bilharzia inayowapata watoto wanaooga na mama wanaofua.

Wengine wanatuuliza kama wanaweza kumtia katika bwawa la tilapia. Hapana, atawakula. Kule Uganda wanajaribu kumfuga peke yake, ila si kila mtu huko anamla: Waganda wa ukoo wa Mmamba hawamgusi, kwa kuwa ndiye mnyama wa ukoo wao.

Kwa wamama wanaouza, habari ni nzuri. Samaki huyu hahitaji barafu njiani. Kamongo mzima, akilazwa ndani ya beseni na kufunikwa majani mabichi ao gunia lililolowa, anaweza kufika soko la mbali akiwa bado anapumua. Mwagieni maji kidogo kila mara, fungeni juu kwa wavu wenye matundu, hewa ipite, na msimruhusu mteja amshike kichwa kabla ya kulipa. Atakayebaki bila kuuzwa, mpasueni siku ileile, mtieni chumvi kama makayabu ao mmkaushe kwa moshi, juu akishakufa nyama yake haikai.