Gama inavyookoa nyuso zilizomezwa na kivuli pichani

NI jambo linaloshuhudiwa mara kwa mara katika arusi na mahafali. Picha inapigwa jua likiwa la utosi, na inapofunguliwa kwenye kompyuta, shati jeupe linang'aa barabara ilhali uso wa aliyelivaa umekuwa giza tupu, macho hayaonekani. Kosa si la uso. Kipimo cha mwanga cha kamera hukadiria wastani wa mandhari yote, na panapokuwa na weupe mwingi hupunguza mwanga unaoingia. Anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi.

Wengi hukimbilia kuongeza mwangaza. Hiyo ni tiba inayozidisha maradhi. Katika picha ya kawaida ya dijitali, kila pikseli hupewa nambari, kuanzia 0 ambayo ni weusi kamili hadi 255 ambayo ni weupe kamili. Njia sahili ya kuongeza mwangaza hujumlisha kiasi kimoja kila mahali. Ukijumlisha 40, weusi wa 0 hugeuka kuwa rangi ya majivu, na chochote kilichozidi 215 hugonga dari ya 255. Mikunjo ya kanzu na nakshi za shela hufutika.

Urekebishaji wa gama hufuata njia nyingine. Thamani ya pikseli hugawanywa kwa 255 ili kupata sehemu iliyo kati ya 0 na 1. Sehemu hiyo hupandishwa kwa kipeo cha 1 gawanya kwa gama, kisha jawabu huzidishwa kwa 255. Sifuri hubaki sifuri na moja hubaki moja, kipeo kiwe kipi. Kwa hivyo ncha mbili hazisogei. Kinachosogea ni kilicho katikati. Kwa gama ya 1.5, mathalani, 64 hupanda hadi 101 na 128 hadi 161, ilhali 240 hufika 245 pekee. Uso unafunguka, shati halichomeki.

Katika programu za Photoshop na GIMP, kazi hii hufanywa kwenye kisanduku cha Levels, chini ya mchoro wenye vialama vitatu vya pembetatu. Cha katikati ndicho gama, nacho huanzia 1.00. Kikisukumwa kushoto, picha hung'aa, kulia, hufifia. Hata hivyo, gama si muujiza. Giza ambalo kamera haikunasa chochote ndani yake halitatoa uso, litatoa chembechembe tu. Isitoshe, hatua ya 1.5 huziachia thamani za juu ya kati nafasi ndogo, na picha ikizidishiwa huonekana imepauka. Busara ni kufanyia kazi nakala, wala si picha asilia.

Kwa magazeti, kuna tatizo la ziada. Wino hutambaa kwenye karatasi nyepesi, na nukta zilizokusudiwa kufunika asilimia 50 ya eneo huweza kuonekana kama zinafunika takriban asilimia 75. Uso uliopendeza kwenye skrini hutoka mweusi tititi. Ndiyo maana picha za magazeti hung'arishwa katikati kabla ya kupelekwa mitamboni.

Kiolezo chenyewe kina uwezo wa kudhulumu. Mnamo Juni 1994, jarida la Time la Marekani lilichapisha jaladani picha ya polisi ya O.J. Simpson, aliyekuwa ameshtakiwa kwa mauaji, ikiwa imetiwa giza. Wiki hiyo hiyo Newsweek ilitumia picha ile ile bila kuibadilisha. Majalada hayo mawili yalipowekwa sako kwa bako vibandani, tofauti ilionekana na kila mtu, na Time ikalaumiwa kwa kumfanya mshukiwa aonekane wa kutisha.

Aidha, skrini nazo hazikuwa sawa. Hadi 2009, kompyuta za Apple zilitumia gama ya 1.8, nyingi nyingine zikitumia 2.2, hivyo picha iliyorekebishwa kwenye Apple ilionekana nyeusi zaidi kwingineko. Anayetayarisha picha za kuchapishwa hana budi kuchapa nakala moja ya majaribio, kuitazama penye mwanga wa mchana, ndipo aamue kama kialama cha katikati kisogezwe tena.