Mkubwa asiyeeleza kazi huponzwa na sheria

WAKUBWA wengi wa kazi hulalama kuwa walio chini yao ni wazembe, ilhali hawajawahi kuwaambia waziwazi wanachotarajiwa kutimiza. Nchini Kenya, kosa hilo linaweza kumgharimu mwajiri mahakamani.

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri aeleze kazi ya aliyeajiriwa katika mkataba wa maandishi. Kifungu cha 41 nacho chasema kabla ya mtu kufutwa kwa utendakazi duni, ni sharti aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikizwe. Majaji wa masuala ya leba hutaka kujua kipimo kilichotumiwa, na iwapo mhusika alipewa muda wa kujirekebisha. Mwajiri akishindwa, fidia yaweza kufika mshahara wa miezi 12.

Hivyo basi, karani wa ghala na aambiwe, mathalan, kwamba hesabu ya bidhaa iwe mezani kila Ijumaa saa kumi jioni. "Jitahidi zaidi" si agizo. Hesabu ikichelewa, aulizwe siku hiyo hiyo, wala si Desemba, hasira zikiwa zimelimbikizana.

Mkubwa naye ana deni lake. Karani asipopewa funguo za ghala, atalaumiwaje? Kandarasi za utendakazi zilizoanzishwa katika mashirika ya umma mwaka 2004 ziliorodhesha malengo ya mashirika, na pia wajibu wa serikali kwayo.