Shavu moja kuvimba baada ya upasuaji wa uso

Wapendwa wa makanisa ya Tambarare ya Ruzizi, kwetu Luberizi anayepasuliwa uso mara nyingi hatafuti urembo: ameanguka na pikipiki, amekatwa, au ameondolewa uvimbe shavuni. Akirudi nyumbani watu wananong'ona: mbona upande mmoja umevimba kuliko mwingine? Wengine wanasema amelogwa.

Mara nyingi ni kawaida. Uvimbe huzidi siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua kwa wiki 2 au 3. Anayelalia upande mmoja huamka shavu hilo limejaa zaidi. Alale ameinua kichwa. Majani yasiwekwe kwenye kidonda.

Cha kuogopa ni kingine. Shavu likivimba ghafula, hasa katika saa 24 za kwanza, likawa gumu na kuuma sana, huenda damu inajikusanya chini ya ngozi, na ngozi inaweza kufa. Mwenye presha yumo hatarini zaidi. Usaha au homa siku za baadaye ni dalili ya maambukizi.

Tumwombee, ndiyo, lakini tukiwa njiani. Kufika hospitali Uvira au Bukavu kunataka nauli. Mashemasi wafungue sanduku usiku uleule.