Fahamu Kanuni ya Nyerere Kuhusu Mikataba ya Wakoloni

Sheria za kimataifa zinazosimamia uhusiano kati ya nchi na nchi zimejengwa kwa karne nyingi juu ya msingi mmoja mkuu: mkataba humfunga aliyeuridhia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya Afrika haikupewa nafasi ya kuridhia wala kukataa. Mikataba iliyohusu ardhi, maji na bandari zake ilitiwa saini na watawala wa kikoloni.

Tanganyika ilipokaribia uhuru mwaka 1961, swali likawa: je, Taifa jipya linarithi ahadi hizo? Miongoni mwake ulikuwamo mkataba wa mwaka 1921, ambao kwa huo Uingereza iliikodisha Ubelgiji maeneo ya bandari katika Dar es Salaam na Kigoma bila ukomo, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Makubaliano ya mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri nayo yalizuia ujenzi wowote, katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, ambao ungepunguza maji ya Mto Nile yanayofika Misri, bila ridhaa ya nchi hiyo.

Waziri Mkuu, Mwalimu Julius Nyerere, alitoa msimamo wa Serikali bungeni Novemba 30, 1961, na Desemba 9 mwaka huo Umoja wa Mataifa ukajulishwa rasmi. Tanganyika haikuifuta mikataba yote kwa mkupuo. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kutumika kwa miaka 2, ili kila mmoja upitiwe na kujadiliwa. Baada ya hapo, usiokubaliwa upya ungekoma, isipokuwa ule unaolindwa na sheria za kimila za kimataifa. Mwaka 1962 Tanganyika ilizijulisha Uingereza, Misri na Sudan kuwa haifungwi na makubaliano ya mwaka 1929.

Utaratibu huo, unaojulikana kama Kanuni ya Nyerere, ulifuatwa kwa namna zinazofanana na Uganda na Kenya. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1978 nao ulitamka kuwa nchi iliyotoka katika ukoloni hailazimiki kuendeleza mkataba kwa sababu tu ulitumika katika eneo lake hapo awali.

Mipaka, hata hivyo, haikuguswa. Viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia jijini Cairo, Julai 1964, kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, ili kuepusha vita kati ya majirani.

Suala la maji lilichukua muda mrefu zaidi. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuusaini mwaka 2010, ulianza kutumika Oktoba 13, 2024, ukisimamia matumizi ya haki kwa nchi zote za bonde. Misri na Sudan bado hazijajiunga, hivyo mazungumzo yanabaki kuwa njia ya kufikia mwafaka utakaozifunga pande zote kwa ridhaa yao.