Mwanafunzi mpya chuo kikuu na mtihani wa 'boom'

MWANAFUNZI aliyezoea kengele ya shule ya bweni, akifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakuti wa kumwamsha wala wa kumuuliza amelala wapi. Uhuru huo ndio mtihani wake wa kwanza.

Mtihani wa pili ni fedha. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, una sehemu kadhaa. Ada hupelekwa chuoni, na fedha za chakula na malazi, maarufu kwa jina la 'boom', hulipwa mwanafunzi kwa awamu. Asiyekamilisha usajili hucheleweshewa malipo; hivyo ni busara kufika na vyeti halisi, nakala zake, na akiba ya wiki kadhaa.

Awamu ikiingia, wapo wanaokimbilia simu na nguo, kisha mwezi wa pili hushindia chai ya rangi. Aliye makini hulipia chumba kwanza, hugawa kinachobaki kwa idadi ya wiki, ndipo hufikiria mengine. Isitoshe, fedha hizo ni deni: akiajiriwa, marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yanataka akatwe asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi.

Masomo nayo hayasubiri mwisho wa muhula. Majaribio na kazi za darasani huingia katika alama za mwisho, na anayezipuuza mapema hujuta matokeo yanapobandikwa. Haba na haba hujaza kibaba, na si kwa fedha pekee.